Misafara ya Kujitolea ya Kikristo: Tathmini kwa Upande wa Anayempokea Mgeni

Kila mwaka makanisa na mashirika ya Kikristo hutuma watu wa kujitolea, kuanzia madaktari bingwa hadi vijana waliomaliza shule juzi, wakahudumu katika jamii ambazo zahanati ni chache, walimu hawatoshi, na maamuzi makubwa aghalabu hufanywa na watu walio mbali. Wengine hukaa siku chache, wengine miaka miwili au mitatu, na wapo waliokwenda kwa mkataba mfupi wakamalizia maisha yao huko huko. Tathmini nyingi za huduma hii huandikwa na waliosafiri, na hueleza jinsi walivyopokelewa na jinsi imani yao ilivyoimarika. Mimi naipima kwa upande wa zahanati, shule na kamati ya kijiji inayompokea mgeni, kwa sababu huduma hii ina jambo moja lisilo la kawaida: anayeilipia si yule anayehudumiwa. Mjitoleaji hujichangishia nauli kwa jamaa na waumini wenzake, shirika humpangia safari, naye mwenyeji hupokea kilichokwisha kupangwa. Katika huduma nyingine yoyote, mteja asiyeridhika haendi tena kwa mtoa huduma huyo, na habari huishia hapo. Hapa mteja asiyeridhika hushukuru kwa adabu, kisha mwaka unaofuata hupokea msafara mwingine. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila msafara ni hili: nani aliyeandika barua ya mwaliko, na je, alikuwa na uwezo wa kukataa?

Swali hilo ni la zamani ndani ya kanisa lenyewe. Katika karne ya 19, Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani, wote wawili wakiwa viongozi wa vyama vya kimisionari, walifikia wazo lilelile kwamba kanisa lililoanzishwa mahali papya linapaswa kujitegemea, kujitawala na kujieneza lenyewe, na kwamba mmisionari hufanya kazi akijua kwamba ipo siku atakabidhi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wazo hilo lilikuwa bado halijatekelezwa kwa kiasi cha kumridhisha Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, ambaye mwaka 1971 alisimama mjini Milwaukee, Marekani, akaomba wamisionari waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa yaliyozoea kusaidiwa yapate nafasi ya kujitambua. Mwaka 1974, mkutano wa makanisa ya Afrika nzima uliofanyika Lusaka uliuunga mkono wito huo, ukihusisha watu na fedha pia. Wapo waliodhani kwamba Gatu aliwachukia wageni. Mimi naona alidai haki ya kawaida kabisa, haki ya mwenye nyumba kusema “subiri kidogo,” na wala sidhani kwamba mtu anayejiita ndugu katika Kristo ana sababu ya kuiogopa.

Miaka mitatu kabla ya Gatu, tarehe 20 Aprili 1968, padri Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokusanyika Cuernavaca, Mexico, tayari kwenda kujitolea vijijini, kwamba waje kutazama, kupanda milima na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Kwa maoni yangu Illich alizidisha, kwa kuwa mama mwenye uchungu wa uzazi wa siku mbili hawezi kungoja mjadala huo umalizike. Hata hivyo, aliona jambo la kweli: mtu aliyevuka bahari kwa nauli yake mwenyewe, akiwa na moyo mwema na zawadi mkononi, ni vigumu sana kumwambia hapana.

Upasuaji ndio upande ambao huduma hii hufanya vizuri kuliko kwingine kote, na pia ndio upande ambao makosa yake humwumiza mtu moja kwa moja. Shirika la Mercy Ships, lililoanzishwa mwaka 1978, huendesha meli za hospitali ambazo hutia nanga bandarini kwa miezi kadhaa, na meli yake ya Global Mercy ina vyumba sita vya upasuaji. Madaktari, wauguzi, mabaharia na mafundi wake hujitolea. Nawapa alama za juu kwa mambo mawili ambayo hayaonekani sana katika picha. La kwanza ni kwamba meli huenda kwa mwaliko na makubaliano na serikali ya nchi husika. La pili ni makazi ya nchi kavu ambamo wagonjwa waliotoka mbali hukaa kabla na baada ya kupasuliwa. Anayeijua kazi ya wodi anafahamu uzito wa makazi hayo. Mtoto aliyeungua zamani, kovu likamkunja kiwiko, anaweza kutoka chumba cha upasuaji akiwa amenyooshwa mkono. Lakini asipofungwa gango usiku na kufanyishwa mazoezi ya viungo kwa wiki nyingi, ngozi mpya hujikaza na mkono hujikunja tena, na familia ikabaki na imani kwamba upasuaji haukufaa kitu. Kazi ya daktari huchukua saa chache. Kazi ya kumfungua mtoto yule bandeji, kumbembeleza anyooshe mkono huku akilia, na kumweleza mama yake kwa lugha anayoielewa kwa nini asimwonee huruma, huchukua siku nyingi, nayo ndiyo inayoamua matokeo.

Sasa linganisha na msafara wa wiki moja unaopasua ngiri na uvimbe hadi jioni ya siku ya mwisho, kisha ukafungasha vifaa na kuondoka alfajiri. Nyuzi za mshono kwa kawaida hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili kutegemea sehemu ya mwili, yaani wakati ambapo aliyeshona amekwisha kurejea kwao. Anayebaki ni muuguzi wa zamu, akiwa na daftari lenye vifupisho asivyofundishwa, na mgonjwa aliyepandwa na homa siku ya tano. Mambo yakiharibika, lawama humwangukia yeye na zahanati yake, ambayo wagonjwa walikuwa wanaiamini kabla msafara haujafika. Kwa hiyo sioni sababu ya kuukubali msafara wowote wa upasuaji usiomwacha nyuma daktari wake mmoja hadi mshono wa mwisho utolewe, au ambao haujakubaliana kwa maandishi na hospitali ya rufaa iliyo karibu juu ya nani atampokea mwenye matatizo na nani atalipa.

Lililo bora zaidi ya hapo ni mjitoleaji anayekuja kufundisha. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Kikristo barani Afrika kinachojulikana kwa kifupi kama PAACS kilianzishwa mwaka 1996, na huwafundisha madaktari wa Kiafrika upasuaji kwa miaka mitano ndani ya hospitali za misheni kama Bongolo nchini Gabon, na Tenwek na Kijabe nchini Kenya. Mabingwa wanaotoka nje huenda huko wakiwa walimu wa watu watakaobaki. Mfano mwingine wa zamani unatoka Addis Ababa. Catherine na Reginald Hamlin, mke na mume waliokuwa madaktari wa uzazi na Wakristo, walifika Ethiopia mwaka 1959 kwa mkataba wa miaka mitatu wa kuanzisha mafunzo ya wakunga. Wakabaki, na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya kutibu fistula, yaani tundu linalobaki baada ya uzazi wa shida na kumfanya mama avuje mkojo au kinyesi. Miongoni mwa wagonjwa wao wa mwanzo alikuwa Mamitu Gashe, msichana wa kijijini asiyejua kusoma. Alianza kwa kusaidia kazi za wodini, akawa anawapa madaktari vifaa wakati wa upasuaji, na kidogo kidogo akafundishwa kushona mwenyewe hadi akawa mpasuaji anayefundisha madaktari wenye shahada. Mwaka 1989 alikuwa mmoja wa wapasuaji wa hospitali hiyo waliotunukiwa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza. Mwaka 2007 hospitali hiyo ilifungua chuo cha wakunga, kwa sababu fistula huzuiwa pale mama anapozalia, kabla hajahitaji chumba cha upasuaji. Hivyo ndivyo ninavyoelewa maana ya kuiwezesha jamii katika afya: mgonjwa wa jana kushika kisu cha upasuaji, na binti wa kijiji kilekile kuwa mkunga wake.

Katika afya ya kinga, mchango mkubwa wa misheni ulitokana na watu wa misheni wenyewe kukiri kwamba hawakuwa wakitazama nje ya hospitali vya kutosha. Mwaka 1964, katika mkutano wa Tübingen, Ujerumani, walijiuliza kanisa lina maana gani linaposema linaponya, ilhali sehemu kubwa sana ya nguvu zake imefungiwa ndani ya kuta za hospitali. Mwaka 1968 Baraza la Makanisa Ulimwenguni likaunda Tume ya Kikristo ya Tiba, yenye makao Geneva, na tume hiyo ikaanza kutafuta mahali ambapo wanakijiji wenyewe wanaendesha afya yao. Mojawapo ya mahali walipopaona ni Jamkhed, katika jimbo la Maharashtra, India, ambako Raj na Mabelle Arole, madaktari wa Kihindi na Wakristo, walianza kazi mwaka 1970. Hawakuanza na vidonge. Waliwasikiliza wanakijiji, wakasikia kwamba shida ya kwanza ni maji na njaa, wakaanzia hapo. Kisha vijiji vikachagua wanawake wa kufundishwa kuwa wahudumu wa afya, wengi wao wakiwa hawajui kusoma na baadhi wakitoka katika matabaka yaliyodharauliwa kuliko yote. Wanawake hao walijifunza kuzalisha, kupima uzito wa watoto, kutambua ukoma na kifua kikuu mapema, na kumwonyesha mama jinsi ya kuchanganya maji, chumvi na sukari mtoto anapoharisha. Jirani huyo hupatikana hata usiku wa manane, na hahitaji mkalimani. Uzoefu wa namna hiyo uliingia katika mazungumzo ya tume hiyo na Shirika la Afya Duniani, na ulisaidia kuandaa njia ya Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978, lililotamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Mjitoleaji anayetaka kujua nafasi yake katika mpango wa namna hii aelewe kwamba ni nafasi ndogo: kufundisha wakufunzi, kusaidia kuweka kumbukumbu, kutengeneza vifaa. Kwangu mimi udogo huo ni sifa.

Zawadi za vifaa na dawa zinastahili neno kali kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa tangu mwaka 1996, ukitaka dawa ziwe zile zinazohitajika na anayepokea, zibakize angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kwisha, na lebo zake ziwe katika lugha wanayoisoma wahudumu wa pale. Bado masanduku hufika yakiwa na vidonge vya sampuli vilivyokusanywa kabatini, na zahanati hubeba gharama ya kuviteketeza. Kwa upande wa mashine, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kutokana na orodha za vifaa katika nchi zenye uwezo mdogo ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa vya tiba havikuwa vikifanya kazi. Chukua mashine ya kuzalisha oksijeni kutoka hewani. Kichujio chake cha sponji hutakiwa kuoshwa kila wiki, kazi ya dakika chache kwa maji na sabuni, lakini kama aliyeileta alimfundisha muuguzi mmoja tu, naye akahamishwa, vumbi huziba, injini hupata moto, na oksijeni inayotoka hupungua nguvu pasipo mtu yeyote kugundua kwa macho. Na kama ilitengenezwa kwa umeme wa volti 110 ikachomekwa kwenye volti 240, haimalizi hata siku moja. Huwa nauheshimu zaidi msafara unaoleta fundi na boksi la vipuri kuliko unaoleta mashine mpya.

Shuleni, hali hutofautiana mno. Mwalimu wa kujitolea anayekaa mwaka mzima au zaidi, akafuata mtaala wa nchi na kutayarisha andalio la somo pamoja na mwalimu mwenyeji, ni msaada wa kweli, hasa katika hisabati na sayansi. Kijana anayefundisha nyimbo kwa siku kumi huku mwalimu wa darasa akiwa ameketi nyuma hana anachoongeza. Zaidi ya hapo, huwafundisha watoto, bila kukusudia, kwamba elimu yenye thamani ni ile inayoletwa na mgeni. Mfano ninaoupenda unatoka Lanao, Ufilipino, ambako Frank Laubach, mmisionari wa Marekani, alianza mwaka 1930 kuwafundisha kusoma watu wa Maranao, ambao wengi wao ni Waislamu, kwa chati za herufi katika lugha yao wenyewe. Msukosuko wa uchumi ulipokausha fedha za kuwalipa walimu, kiongozi mmoja wa pale, Kakai Dagalangit, aliamuru kwamba kila aliyejifunza lazima amfundishe mwenzake. Utaratibu uliokuja kuenea katika nchi nyingi ulizaliwa siku hiyo fedha za nje zilipokwisha, na aliyeutoa ni mwenyeji. Laubach naye alikuwa na busara ya kuupokea.

Ujenzi nitaumaliza kwa haraka, kwa kuwa hesabu yake iko wazi. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, mtafiti Kurt Ver Beek alilinganisha nyumba zilizojengwa na misafara ya kujitolea kutoka Amerika ya Kaskazini na zile zilizojengwa na shirika la Kikristo la nchini humo. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006, msafara ulitumia kwa wastani dola 30,000 kwa nyumba moja, nauli zikiwemo, ilhali shirika la wenyeji lilijenga nyumba kwa dola 2,000 hivi, na maisha ya waliozipata hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya kundi moja na jingine. Fundi mwashi asiye na kazi, anayetazama vijana wasiowahi kushika mwiko wakijenga ukuta kijijini kwake, ameshanyimwa kibarua. Kama ni ujenzi, tumeni fedha na mhandisi mmoja wa kukagua, ikiwa ameombwa.

Vituo vya kulelea yatima sivipendekezi kabisa kama mahali pa kujitolea kwa muda mfupi. Watoto wengi walio ndani ya vituo hivyo wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na pale wageni wanapoleta fedha, huwa kuna faida katika kuwaweka watoto hapo badala ya kuwarudisha kwa ndugu zao. Mwezi Desemba 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zizuie madhara ya programu za kujitolea katika vituo vya yatima, zikiwemo zile za kitalii. Mtoto anayezoea mlezi mpya kila baada ya wiki mbili, kisha akaachwa, huumia kwa namna ambayo upendo wa dhati wa mgeni yule hauwezi kuifuta. Kanisa linalotaka kuwasaidia watoto hao lisaidie familia zinazowapokea.

Kuhusu imani, msimamo wangu ni mwepesi kuueleza. Mjitoleaji Mkristo hana haja ya kuficha kinachomsukuma, na wagonjwa wengi hufarijika kuombewa wakiombwa ridhaa. Lakini foleni ya dawa haiwezi kupitia kwenye mahubiri. Kanuni za maadili za mwaka 1994 za mashirika ya misaada, ambazo Caritas, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Shirikisho la Kilutheri Duniani walishiriki kuziasisi, zinasema msaada hautolewi kwa kutazama dini ya anayepokea wala hautumiki kuendeleza msimamo fulani wa kidini. Shirika lisiloweza kuyaandika maneno hayo katika makubaliano yake na kijiji lisialikwe.

Je, naipendekeza huduma hii? Naipendekeza kwa moyo wote kwa mtu mwenye taaluma, aliyesajiliwa na baraza la taaluma yake katika nchi anayokwenda, aliye tayari kukaa kwa muda wa kutosha kujifunza lugha ya kusalimia na kuuliza maumivu yako wapi, na atakayefanya kazi chini ya msimamizi mwenyeji, kwa maana ya kwamba msimamizi huyo anaweza kumkataza. Naipendekeza kwa tahadhari kwa misafara ya wiki mbili inayorudi mahali palepale, kwa watu walewale, kufundisha jambo moja kwa mfululizo. Kijana asiye na taaluma anayetamani kwenda namshauri aende kwa jina la mwanafunzi, alipie ukarimu anaopewa, na asikabidhiwe sindano wala darasa. Kwa kamati zinazopokea, nawasihi wasione haya kuomba wasifu wa kila anayekuja, orodha ya dawa kabla hazijapakiwa, na bajeti nzima pamoja na nauli, kwa kuwa kamati isiyoonyeshwa bajeti haiwezi kusema ingependelea fedha hizo zitumike vipi.

Kasoro kubwa iliyobaki ni kwamba ripoti za misafara huandikwa na kiongozi wa msafara na kusomwa na wafadhili wake. Iwepo ripoti ya pili, iliyoandikwa na kamati ya zahanati au shule kwa lugha yao, ipelekwe moja kwa moja kwa kanisa linalotuma kabla fedha za msafara unaofuata hazijaanza kuchangishwa. Kamati ikiandika kwamba mwaka huu haihitaji kundi la watu ishirini, inahitaji fundi mmoja wa vifaa vya tiba kwa miezi sita, basi atumwe fundi huyo, na wale ishirini wamchangie nauli.